Gegedu la Mtu Mwingine Ndani ya Goti Langu

Tangu nilipowaarifu ndugu zangu wa Tanga kwamba nimefanyiwa upasuaji wa goti hapa Toronto, nimekuwa nikirudia maelezo yale yale kwa simu karibu kila wiki. Wengi walidhani nimewekewa goti la bandia, lile la chuma na plastiki ambalo wazee wetu huwekewa magoti yao yanaposagika. Wachache, shangazi yangu akiwa mmoja wao, walielewa kwamba nimewekewa goti zima la maiti. Wote walikosea, ingawa shangazi ndiye aliyeukaribia ukweli. Nilichowekewa ni kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 22, kilichokatwa katika goti la mtu aliyefariki dunia. Chini yake ni mfupa, juu yake ni gegedu, na gegedu hilo lilikuwa bado hai siku lilipoingia mwilini mwangu. Uhai huo ndio unaonifanya niandike, kwa sababu karibu kila jambo linalomshangaza mtu kuhusu tiba hii, tangu foleni ya kumsubiri mchangiaji, simu ya ghafla ya kuitwa hospitali, hadi namna daktari anavyopaswa kujizuia asipige nyundo, linatokana nao.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe linalong'aa ambalo kwa kawaida huwa na unene wa milimita 2 hadi 4, na nyuma ya pia ya goti huzidi hapo. Mtu anapotembea kwenye tambarare, goti lake hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake, na anaposhuka ngazi mzigo huo huzidi mara tatu. Gegedu hustahimili kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji, yaliyoshikiliwa na nyuzi za kolajeni pamoja na molekuli zenye kiu kali ya maji. Mguu unapokanyaga maji husukumwa polepole, na unapoinuliwa yanarejea. Ndani ya tabaka hilo zimo seli chache mno, asilimia chache tu za ujazo wake, kila moja ikiwa imejifungia katika kijishimo chake. Hazifikiwi na mshipa wa damu wala neva, na chakula chao huwajia kwa kupenya kutoka katika ute wa goti. Kwa kuwa halina neva, gegedu lenyewe haliumi. Maumivu yanapoanza, kwa kawaida ni mfupa ulio chini yake au utando wa ndani wa goti ndio unaolalamika, na kufikia hapo uharibifu huwa umekwisha kwenda mbali.

Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hufika, huganda, na kuleta seli za kujenga upya palipochanika. Gegedu halina njia ya kupata msaada huo. Mwaka 1743 tabibu William Hunter aliwaeleza wanazuoni wa Royal Society mjini London kwamba tangu zama za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, ilikuwa ikikubalika kuwa gegedu likishaharibika halitengenezeki tena, na kwa miaka zaidi ya mia mbili baada yake waganga wengi hawakuwa na la kuongeza. Kwetu husemwa kwamba mafuta ya goti yamekwisha, na dawa inayotajwa ni bamia na supu ya makongoro. Supu hiyo nimeinywa kwa moyo mmoja na nitaendelea kuinywa kwa kuwa ni tamu. Hata hivyo, kolajeni ya kongoro humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote, na ute wa bamia hauna njia ya kufika gotini, hata kama macho yanatuambia kwamba vitu viwili vinavyoteleza lazima viwe ndugu.

Goti langu la kulia liliumia katika mchezo wa netiboli, mchezo nilioupenda tangu shule ya msingi na ambao hapa tulikuwa tukiucheza jioni za mwisho wa wiki katika ukumbi wa jumuiya. Niliruka kudaka mpira, nikatua mguu ukiwa umepinda, na kwa muda mrefu nikaamini kwamba ni msuli tu uliovutika. Miezi ikapita goti likivimba kila jioni na kukwama ghafla nikiwa katikati ya ngazi za stesheni ya treni. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba upande wa ndani wa ncha ya fupa la paja, mahali hasa panapobeba uzito, palikuwa na shimo lisilo na gegedu, na mfupa ulio chini yake ulikuwa umevimba na kuanza kuota vijifuko vya maji.

Tiba ya kwanza niliyopewa ilikuwa ile iliyoenezwa na daktari Richard Steadman wa Vail, Colorado, kuanzia miaka ya 1980. Daktari huingiza kamera ndogo gotini, husafisha shimo, kisha hutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio wazi ili damu na seli za uboho zichuruzike na kuganda hapo. Donge hilo hugeuka kuwa gegedu la aina nyingine, lenye nyuzinyuzi nyingi kama kovu, ambalo ni dhaifu kuliko lile la asili. Kwa mashimo madogo na kwa watu vijana hufanya kazi nzuri kwa miaka kadhaa. Kwangu lilinipa nafuu, kisha nafuu ikaanza kuondoka, na picha ya pili ikaonyesha shimo lile lile likiwa limepanuka.

Njia nyingine zilikuwapo, na daktari wangu alizipitia moja baada ya nyingine bila haraka, jambo ninalomshukuru. László Hangody wa Hungaria alianza mnamo 1992 kuchukua vijiti vidogo vya mfupa na gegedu kutoka sehemu za goti la mgonjwa zisizobeba mzigo mkubwa na kuvipanga ndani ya shimo. Lakini shimo likiwa kubwa, goti halina akiba ya kutosha, na kila kijiti kinachochukuliwa huacha tundu jipya kilikotoka. Kule Gothenburg, Uswidi, Lars Peterson na Mats Brittberg walikuza seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe katika maabara na kuzirudisha gotini. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1987 na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Njia hiyo imekomaa sana, ila seli peke yake hazijazi mfupa uliobomoka, na mfupa wangu ulikuwa umebomoka. Kilichohitajika ni kitu kinachorudisha mfupa na gegedu kwa pamoja, vikiwa vimeshikamana kama vilivyoumbwa, na kitu hicho hakitengenezwi kiwandani.

Wazo la kukichukua kwa mtu mwingine ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1908 daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Erich Lexer, alitangaza kwamba alikuwa amepandikiza viungo, yakiwemo magoti mazima, kutoka katika miguu iliyokatwa na miili ya wafu. Alifanya hayo kabla ya viuavijasumu na kabla ya mtu yeyote kuelewa vizuri jinsi mwili unavyokataa kitu cha kigeni, na hata hivyo baadhi ya wagonjwa wake walitembea. Kazi iliyokomaza tiba hii kwa namna inayofanywa leo ilianza hapa hapa Toronto mwaka 1972, katika hospitali ya Mount Sinai, chini ya Allan Gross, akiwatibu hasa vijana waliovunjika ndani ya kiungo kwa ajali. Utaratibu wa timu yake ulikuwa mkali: tishu ilitolewa ndani ya saa 24 tangu mchangiaji afariki, ikahifadhiwa kwenye majimaji yenye viuavijasumu kwa nyuzi 4 za Selsiasi, na kupandikizwa ndani ya saa 72. Mgonjwa aliitwa usiku, akaja, akalazwa.

Sababu ya haraka hiyo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Mfupa wa mchangiaji unaweza kugandishwa na kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu mfupa uliokufa bado ni muhimili unaofaa: mwili wa mpokeaji huuingia, huula kidogo kidogo, na kujenga wa kwake mahali pake. Gegedu halibadilishwi hivyo. Likigandishwa kwa njia ya kawaida seli zake hufa, na tabaka lililobaki halina wa kulitunza, hivyo baada ya muda hulainika, hupasuka na kubanduka. Madaktari hutaka angalau seli 70 kati ya kila 100 ziwe hai siku ya upasuaji. Seli hizo hizo ndizo zinazozuia tishu isitakaswe kwa joto, kwa mionzi wala kwa kemikali kali, maana kila kinachoua vijidudu kwa uhakika kitaziua na zenyewe.

Ugumu huo uligharimu maisha. Mnamo Novemba 2001, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana wa miaka 23 alifariki siku chache baada ya upasuaji wa goti ambamo alipandikizwa tishu ya aina hii, na uchunguzi ukaonyesha kwamba tishu ilikuwa na bakteria aina ya Clostridium sordellii iliyotoka kwa mchangiaji. Tangu hapo benki za tishu za Marekani, yaani taasisi zinazopokea, kupima na kuhifadhi tishu za wachangiaji, ambazo ndizo zinazotoa vipandikizi vingi katika bara hili, zimebadilika sana. Leo tishu haitolewi kwa hospitali mpaka vipimo vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende vikamilike, na mpaka sampuli zilizooteshwa maabara zithibitishe kwamba hakuna kidudu kilichoota. Shughuli hiyo huchukua karibu siku 14. Upande wa pili, kwenye jokofu la nyuzi 4 seli huanza kupungua kwa kasi, na baada ya siku 28 wengi huona kipandikizi hakifai tena. Kwa hiyo, kati ya siku tishu inaporuhusiwa na siku inapochakaa, zimebaki wiki mbili tu za kumpata mgonjwa mwenye goti linalolingana, kumwita, kumwandalia chumba cha upasuaji na kumpasua. Wiki hizo mbili ndizo zinazoamua nani anapandikizwa na nani anaendelea kusubiri. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, James Cook na James Stannard wamebuni namna ya kuhifadhi tishu katika joto la kawaida la chumba, ndani ya majimaji yanayozilisha seli, hivi kwamba muda wa matumizi umesogea hadi karibu siku 56. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko kifaa chochote kipya cha upasuaji, kwa kuwa linapunguza idadi ya magoti yanayotupwa baada ya familia kukubali kuyatoa.

Kulingana kwa goti si jambo la damu. Shangazi aliniuliza kundi la damu la huyo marehemu, na alishangaa niliposema kwamba halikuangaliwa, na kwamba sinywi vile vidonge vya kuzuia kinga ya mwili ambavyo waliopandikizwa figo huvinywa maisha yao yote. Seli za gegedu zimejificha ndani ya kuta zao nene, na askari wa kinga wanaosafiri kwa damu hawana barabara ya kuzifikia. Sehemu inayoweza kuleta ugomvi ni uboho uliomo katika mfupa, na huo husukumwa nje kwa mkondo mkali wa maji ya chumvi kabla ya kipande kupandikizwa, kisha mfupa wenyewe huachwa mwembamba kadiri inavyowezekana.

Kinachotazamwa ni ukubwa na umbo. Nilipigwa eksirei huku kijipira cha chuma chenye kipimo kinachojulikana kikiwa kimebandikwa kando ya goti, ili fundi aweze kukokotoa ni kiasi gani picha imekuza mifupa, kisha upana wa kichwa cha mfupa wa muundi ukapimwa kwa milimita na kupelekwa kwenye benki ya tishu. Anatafutwa mchangiaji wa ukubwa huo huo, mwenye goti la upande ule ule, na kijana, kwa kuwa gegedu la mtu wa makamo mara nyingi limekwisha anza kuchoka. Mpindo wa mfupa ukitofautiana, kipande kitakaa juu zaidi upande mmoja na chini zaidi upande mwingine, na goti litakisaga.

Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko upasuaji. Tarehe haipo. Mwajiri huambiwa kwamba siku yoyote utatoweka kwa miezi. Safari za mbali hazipangwi. Homa au kidonda kidogo mguuni kinaweza kuharibu nafasi, maana hakuna daktari atakayefungua goti la mtu mwenye maambukizi. Kila mafua ya watoto yaliponikaribia nilivaa barakoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Zaidi ya hayo kulikuwa na fikra ambayo sikuweza kuikwepa, kwamba nilikuwa nikisubiri kijana wa mtu afe. Muuguzi aliyeniandaa alinirekebisha kwa upole, akasema kwamba kijana huyo atakufa au hatakufa bila kujali kama mimi nipo, na kwamba lililo mikononi mwa watu ni kile familia yake itakachoamua baada ya hapo. Mume wangu alikwenda kwa sheikh wetu, akarudi na jibu nililokuwa nimekwisha kulisoma: Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, liliruhusu kupandikizwa kiungo cha maiti kwa aliye hai anayekihitaji, kwa sharti kwamba marehemu mwenyewe aliridhia kabla ya kufa au warithi wake waliridhia baada yake. Sheikh aliongeza kwamba nimwombee. Simjui jina, na utaratibu hauniruhusu nimjue, lakini nimeandika barua isiyo na jina langu ya kuishukuru familia yake.

Simu ilipokuja ilikuwa jioni, nikiwa jikoni. Upasuaji wenyewe niliulala wote kwa nusu kaputi, na ninayoyajua nimeyapata katika ripoti ya daktari, ambayo niliiomba na kuisoma kwa kalamu mkononi. Goti lilifunguliwa kwa mkato mfupi upande wa ndani. Kipimo cha silinda kiliwekwa juu ya shimo mpaka kikapatikana kipenyo kinacholifunika lote. Waya mwembamba ukachomekwa katikati, ukisimama wima juu ya uso wa gegedu, na juu ya waya huo kikapitishwa kitobozi kilichoondoa gegedu bovu pamoja na mfupa mgonjwa hadi kina cha takriban milimita 7, huku maji yakimiminwa ili joto lisiunguze mfupa mzima uliobaki. Shimo lililopatikana lilikuwa duara kamili lenye kuta zilizonyooka. Daktari akaweka alama ya wino pembeni mwa shimo, upande wa juu, akapima kina chake katika pande nne, juu, chini, kushoto na kulia, na kuandika kila kipimo, kwa kuwa sakafu ya shimo huwa si sawa kila mahali.

Mezani, kando yangu, nusu ya goti la mchangiaji ilikuwa imebanwa ndani ya kifaa kinachoishikilia isitikisike. Alama ya wino iliwekwa mahali pale pale katika mpindo, na msumeno wa duara ukakata kipande cha ukubwa ule ule. Kisha kikageuzwa, vile vipimo vinne vikachorwa kwenye mfupa wake kwa kalamu, na mfupa ukapunguzwa kwa msumeno mdogo mpaka kila upande ukalingana na kina cha shimo. Kikaoshwa kwa mkondo wa maji ya chumvi mpaka uboho ukaisha. Hatimaye, alama ikielekezwa kwenye alama, daktari alikisukuma kwa kidole gumba. Ripoti inasema kwamba kiliingia kwa kidole na mapigo mawili mepesi tu ya nyundo, na nilipomuuliza kwa nini jambo dogo kama hilo limeandikwa, alieleza kwamba majaribio ya maabara yameonyesha wazi kwamba kupigilia kwa nguvu huua seli za tabaka la juu. Daktari anaweza kusubiri mchangiaji kwa miezi, kulipia tishu ghali, kukata kwa usahihi wa nusu milimita, kisha akaua gegedu kwa nyundo katika dakika ya mwisho kwa sababu kipande kinakataa kuingia. Kikikataa, hutolewa na kupunguzwa tena. Hakikuhitaji skrubu; kilishikwa na kubana kwake mwenyewe.

Baada ya hapo kazi ilikuwa yangu. Mfupa wa kipandikizi hauna budi kushikana na wangu, na kabla haujashikana, mzigo mkubwa ungeweza kuudidimiza. Lakini goti lililofungwa likae bila kukunjwa hukakamaa, na gegedu lisilokunjwa halipati chakula, kwa sababu ni mwendo unaosukuma ute ndani yake. Kwa hiyo nililala mguu ukiwa juu ya mashine inayoukunja na kuukunjua polepole kwa saa nyingi kila siku, na nilipoinuka nilitembea kwa magongo. Mtaalamu wa mazoezi alileta mizani ya kawaida ya bafuni, akanitaka nisimame kwa magongo na kuuweka mguu wa kulia juu yake mpaka sindano ifike kilo 10, niikariri hisia hiyo ya unyayo, nisiizidi kwa wiki sita. Ni jambo gumu ajabu. Mwili unataka kukanyaga ama kuninginiza, hauna mazoea ya robo ya hatua. Ilikuwa Januari, na magongo yangu yalifungwa kucha za chuma chini ili yasiteleze kwenye barafu, kucha ambazo ilinibidi kuzikunja juu kila nilipoingia ndani ya nyumba ili nisichane sakafu.

Kuhusu matokeo, nimesoma kadiri nilivyoweza. Timu ya Gross ya Toronto iliripoti kwamba vipandikizi vya ncha ya fupa la paja vilivyokuwa bado vinafanya kazi vilikuwa asilimia 85 baada ya miaka 10 na asilimia 74 baada ya miaka 15. Kule San Diego, ambako William Bugbee na wenzake wanaendesha programu iliyoanza mwaka 1983, takwimu walizochapisha mwaka 2013 zilikuwa asilimia 82 kwa miaka 10, 74 kwa miaka 15 na 66 kwa miaka 20. Hizi ni namba nzuri, lakini ripoti hiyo hiyo inasema kwamba karibu nusu ya magoti yale yalihitaji upasuaji mwingine wa aina fulani, mkubwa au mdogo, na sipendi inaponukuliwa kwa nusu ya kwanza tu. Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa taarifa ya mgonjwa mmoja, iliyochapishwa mwaka 2007, ambaye gegedu alilopandikizwa lilipochunguzwa baada ya miaka 29 lilikutwa bado lina seli za mchangiaji zilizo hai. Mfupa chini yake hugeuka kuwa wa mpokeaji, lakini gegedu hubaki kuwa la mchangiaji.

Tiba hii haimfai kila mwenye goti bovu, na nawaandikia hili hasa wale wanaonitumia picha za eksirei za wazazi wao. Hufaa shimo lenye mpaka, kwa kawaida linalozidi sentimita 2 za mraba, ndani ya goti ambalo kwingineko ni zima, kwa mtu ambaye bado ni kijana mno kwa goti la chuma. Goti lililosagika pande zote, mfupa kwa mfupa, halina mahali pa kukipachika kipande hicho. Kwa mzee wa miaka 70 mwenye goti la namna hiyo, kubadilishiwa goti ni tiba bora na inayojulikana, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, huifanya Dar es Salaam bila haja ya kuvuka bahari. Mwenye matege hunyooshwa kwanza mfupa, kwa sababu mzigo unaoegemea upande mmoja ulioua gegedu la kwanza utaliua na la pili. Uzito mkubwa wa mwili na sigara huharibu matokeo. Wanaouliza lini tiba hii itafika nyumbani nawajibu kwamba madaktari hodari wa mifupa tunao. Kigumu ni kuwa na mtu wa kuizungumzia familia yenye msiba usiku ule ule, timu ya kuitoa tishu kwa usafi, maabara ya kuiotesha kwa wiki mbili, jokofu lisilozimika, na orodha ya wagonjwa waliokwisha kupimwa ambao wanaweza kuitwa kwa siku chache. Upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017 hutegemea ndugu aliye hai anayetoa figo moja na kubaki na nyingine. Kipande cha ncha ya fupa la paja hakuna ndugu awezaye kukitoa.

Kwa sasa natembea bila gongo na nashuka ngazi za stesheni nikiwa nimeshika ubao wa pembeni kwa mazoea tu. Picha ya karibuni inaonyesha kwamba mstari uliokuwa ukitenganisha mfupa wangu na wa mchangiaji umeanza kufutika. Kukaa tahiyatu ndiko kulikonipa maswali mengi, kwa kuwa goti likikunjwa kabisa mgandamizo huhamia sehemu ya nyuma ya ncha ya fupa la paja. Daktari aliifungua picha, akaonyesha kwamba kipandikizi changu kipo mbele ya hapo, akaniruhusu niongeze kukunja kidogo kidogo kadiri goti linavyoruhusu bila kuvimba. Hadi litakapofika naswali kitini, na mwenye udhuru hajafungiwa mlango. Kuogelea na kuendesha baiskeli nimeruhusiwa. Kuhusu netiboli alitikisa kichwa kabla sijamaliza swali, nami viatu vyangu nimempa binti wa jirani, ambaye mguu wake umeshalingana na wangu.